Siku Moja Chini ya Maji ya Kisite: Panga Kabla Hujashuka

Kila kaskazi inapoingia na bahari kutulia, swali hili hunijia kutoka kwa vijana: "Wageni wanatoka Ulaya kuja kuyaona matumbawe yetu, sisi tuliozaliwa hapa tutayaona lini?" Safari hii wameniuliza vijana wa msikitini kwetu, ambao wanataka kuchangishana waende Kisite siku moja, wavae mitungi na washuke. Nimewaambia waende, tena wamechelewa. Lakini nimewaambia pia kwamba kuzaliwa karibu na bahari si leseni ya kushuka chini yake.

Sababu ya kusema hivyo naiona karibu kila siku. Mtaani kwetu yuko bwana mmoja wa rika langu ambaye utotoni hakuna aliyeweza kumshinda kuogelea. Ukubwani alichukuliwa na watu wa majongoo, akapewa mtungi wa hewa na kuonyeshwa pa kuuma na pa kufungua, basi. Siku moja hewa ilimwishia kwenye kina, akapanda juu mbio. Alifika botini mzima anacheka. Kabla ya adhuhuri miguu ilikuwa haimsikii. Leo anatembea kwa mkongojo. Pumzi na nguvu alikuwa nazo tele. Alichokosa ni mtu wa kumwambia kwamba hewa ya mtungini ina sheria zake, na sheria hizo hazijui nani mwenyeji na nani mgeni.

Makala haya ni kwa yeyote anayetaka kupanga safari ya siku moja ya kupiga mbizi akiongozwa na wajuzi. Mfano wangu ni Shimoni na hifadhi ya Kisite-Mpunguti huko Kwale, lakini mengi yatamfaa pia anayekwenda Diani, Mombasa, Watamu au Malindi.

Jua kwanza unaenda kufanya nini

Watu huchanganya mambo matatu. La kwanza ni kuelea juu kwa miwani na mrija. Hili halihitaji mtungi, na kwa Kisite linatosha kabisa kumshangaza mtu, kwa sababu matumbawe mengi hayako mbali na uso wa maji.

La pili ni mbizi ya kujaribu kwa mtu asiye na cheti. Hapa unafundishwa mambo ya msingi asubuhi, unafanya mazoezi kwenye maji ya kifuani au kidimbwini, kisha unashuka na mwalimu bega kwa bega. Kina chake hakizidi mita 12, na mwalimu hapaswi kukuacha hata kidogo.

La tatu ni mbizi ya mwenye cheti. Cheti cha kwanza hukuruhusu kufika mita 18. Ukiongeza mafunzo unafika mita 30, na mwisho wa mbizi za burudani ni mita 40. Masomo ya cheti cha kwanza huchukua kama siku tatu au nne, kwa hiyo mtu akikuahidi cheti kwa siku moja, huyo anauza karatasi.

Watoto nao wana nafasi yao, kwani mashirika makubwa ya mafunzo huwakubali kuanzia umri wa miaka 10, kwa kina kidogo. Aliye chini ya hapo aelee juu na miwani yake, akiwa amevaa jaketi la kuokolea.

Msimu, na kalenda tuliyorithi

Msimu mzuri ni kuanzia Oktoba hadi Machi, kusi ikishalala na kaskazi kushika. Maji huwa na joto la nyuzi 28 na zaidi, na huwa meupe kiasi cha kuona mbali. Miezi ya Novemba hadi Machi ndiyo pia papa shilingi huonekana zaidi. Kuanzia Aprili mvua za masika huanza, Mto Ramisi na Mto Umba huleta tope, kisha kusi huchafua bahari. Kampuni nyingi za mbizi hufunga shughuli kati ya Mei na Julai. Ukiona mtu anakushawishi uende mwezi wa Juni kwa nusu bei, jiulize kwa nini wenzake wamefunga.

Ndani ya msimu kuna jambo jingine ambalo wazee wetu wanalijua kuliko kitabu chochote, nalo ni bamvua na maji mafu. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, yaani kuanzia tarehe mosi na kuanzia tarehe 14 au 15 za mwezi wa Kiislamu, maji hujaa na kupwa sana, na tofauti ya kujaa na kupwa hupita mita tatu. Maji mengi yakiingia na kutoka kwa muda ule ule wa saa sita, mkondo huwa mkali na mchanga hutifuka. Karibu na tarehe 7 au 8, na tena 22 au 23, maji huwa mafu na mkondo hupungua.

Kuna faida nyingine. Pwani yetu, siku za bamvua maji hukauka karibu na saa nne asubuhi na hujaa karibu na saa kumi. Siku za maji mafu mambo hugeuka, maji hujaa karibu na saa nne asubuhi. Basi mtu wa mbizi ya kwanza akichagua siku za maji mafu, atashuka asubuhi wakati maji safi ya bahari kuu yamekwisha kuingia na mkondo ni mpole. Anayetaka kuona fungu la mchanga la Kisite likijitokeza nje ya maji, huyo achague bamvua, lakini aelee na miwani na mbizi aiachie siku nyingine. Kwa saa kamili tazama jedwali la maji, na muulize nahodha.

Mwili wako

Utapewa fomu ya maswali ya afya. Usiijaze kwa haraka ukiandika "hapana" kila mahali ili usirudishwe. Mwenye pumu, ugonjwa wa moyo, kifafa, kisukari, aliyefanyiwa upasuaji wa kifua au masikio, aonane na daktari kabla ya kulipa. Mama mjamzito asishuke kabisa.

Mwenye mafua pia aahirishe. Mimi mwenyewe niliwahi kushuka na pua iliyoziba kwa kuona haya kuwarudisha wenzangu. Kufika mita nne sikio lilianza kuuma kama linatobolewa, nikapandishwa juu, na kwa wiki nzima nikawa nasikia upande mmoja. Masikio husawazishwa kwa kubana pua na kupuliza polepole, tena mapema, kabla maumivu hayajaanza. Yakikataa, panda kidogo, ujaribu tena. Yakikataa tena, safari ya chini imekwisha siku hiyo, na hakuna aibu.

Usiku wa kuamkia safari ni wa kulala. Kukesha na miraa au muguka kisha kwenda kuvuta hewa ya mtungi ni kuuchokoza moyo bure. Kunywa maji ya kutosha tangu jana yake. Kwa sababu hiyo hiyo, mimi naona Ramadhani si wakati wa safari hii. Hukumu ya saumu na maji yanayoingia mdomoni waulizeni masheikh. Kwa upande wa afya, mwili uliokaukiwa maji huwa katika hatari zaidi ya ule ugonjwa uliompata jirani yangu.

Utakwenda na nani

Hapa ndipo safari hufaulu au huharibika, na hapa ndipo sisi wenyeji hujidanganya zaidi. Tunamjua fulani, tumesoma naye madrasa, tunaona haya kumuuliza cheti. Muulize. Mtu mjuzi hufurahi kuulizwa.

Uliza kama kiongozi ni mwalimu au kiongozi wa mbizi mwenye cheti ambacho hakijaisha muda. Mashirika kama PADI na SSI huweka majina ya walimu wao kwenye tovuti, na unaweza kuhakikisha kwa simu yako. Uliza ataongoza watu wangapi. Kwa wanaojaribu mara ya kwanza, wasizidi wanne kwa mwalimu mmoja, na wakiwa wawili ni bora zaidi. Uliza boti ina cheti cha ukaguzi cha Mamlaka ya Bahari ya Kenya, na majaketi ya kuokolea yanatosha idadi ya abiria. Uliza nani atabaki juu botini mkishuka, kwa sababu boti isiachwe bila mtu hata dakika moja.

Kisha uliza mawili ambayo wengi huyasahau. Je, botini kuna mtungi wa oksijeni safi ya huduma ya kwanza, na nani anajua kuutumia? Na je, mtu akipatwa, atapelekwa wapi, kwa chombo gani, na chumba cha mgandamizo kilicho karibu ni kipi? Hicho ni chumba maalumu ambamo mgonjwa hurudishwa kwenye mgandamizo mkubwa kisha hushushwa polepole. Si kila hospitali inacho. Kampuni yenye mpango itakujibu hapo hapo. Ukisikia "usijali, haijawahi kutokea," tafuta kampuni nyingine.

Kuhusu bei, usilinganishe tarakimu tu. Uliza bei ni ya mbizi moja au mbili, kama vifaa, chakula, na kiingilio cha hifadhi vimo. Kiingilio hulipwa kwa Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS, kwa njia ya kielektroniki, na raia hulipa kiasi kidogo sana kuliko mgeni. Beba kitambulisho. Bila hicho unaweza kuhesabiwa mgeni nyumbani kwako.

Stara na swala

Wako dada zetu wanaotamani safari hii lakini wanahofia mavazi. Suti ya mbizi hufunika mwili kuanzia shingoni hadi vifundoni, na juu yake unaweza kuvaa vazi jepesi mpaka dakika ya kushuka. Kundi la wanawake au familia likikodi boti zima, linaweza kuomba kiongozi wa kike likiagiza mapema. Anayevaa hijabu ya kuogelea ahakikishe kitambaa hakiingii chini ya ukingo wa miwani, maana maji yatapenya. Wanaume wenye masharubu mazito nao wana tabu hiyo hiyo, basi wajaribu miwani kadhaa ufukweni kabla ya kuondoka.

Ratiba ya kawaida haigongani na swala. Boti huondoka Shimoni karibu na saa tatu asubuhi, mbizi ya kwanza huanza kama saa nne, mnapumzika botini saa moja au zaidi, mnashuka mara ya pili, kisha mnakwenda kisiwani Wasini kwa chakula. Misikiti iko, na adhuhuri mtaiwahi. Mwambieni nahodha tangu mwanzo, asije akapanga mbizi ya tatu ya kuwala muda.

Njiani hadi majini

Kutoka Mombasa hadi Shimoni ni kama kilomita 80. Unaweza kupita feri ya Likoni au barabara ya Dongo Kundu, kisha barabara ya Lunga Lunga, hadi njia panda ya Kanana ambapo unakunja kushoto. Anayetoka kisiwani aondoke baada tu ya alfajiri, kwani foleni ya feri haimsubiri mtu. Bora zaidi ni kulala Shimoni au Wasini usiku uliotangulia.

Kula kifungua kinywa chepesi. Mahamri mawili na chai yatosha, mbaazi za nazi ziachie jioni. Anayesumbuliwa na kichefuchefu cha bahari atumie dawa mapema, na aulize daktari kama itamletea usingizi. Beba taulo, maji ya kunywa, kofia, na shati la mikono mirefu. Vito na pete acha nyumbani.

Kisite yenyewe ni hifadhi kamili, haivuliwi. Mpunguti ya Juu na Mpunguti ya Chini ziko upande wa hifadhi ambako uvuvi wa kienyeji unaruhusiwa. Mkiwakuta wavuvi, pisheni, wako kazini. Njiani pomboo huonekana mara nyingi. Nahodha mwema hupunguza mwendo na kuwaacha waje wenyewe, hawakimbizi.

Chini ya maji

Ukifika mita 10, mgandamizo ni mara mbili ya ule wa juu. Mita 20 ni mara tatu. Kwa hiyo hewa ya mtungi inayokutosha saa moja karibu na uso wa maji itakutosha theluthi yake tu kwenye mita 20. Ndiyo sababu kiongozi atakuuliza mara kwa mara geji inasoma ngapi. Mtungi hujazwa hadi kama baa 200. Ikifika 100 mjulishe, na ikifika 50 mnapaswa kuwa mmeshaanza kupanda.

Jifunzeni ishara kabla ya kushuka, maana moja huwapoteza wengi. Kidole gumba kikielekezwa juu, sisi huku nchi kavu tunasema "sawa." Chini ya maji maana yake ni "tupande juu." Ukitaka kusema uko salama, unganisha kidole gumba na cha shahada vifanye duara.

Sheria kubwa ni mbili. Ya kwanza, usizuie pumzi kamwe. Mzamiaji wetu wa pweza huvuta pumzi juu na kuibana, na hapati dhara la namna hii, kwa sababu hewa aliyoshuka nayo ndiyo anayorudi nayo. Wewe unavuta hewa iliyobanwa. Ukiibana kifuani ukapanda hata mita chache, hewa ile inatanuka na mapafu yanaweza kupasuka. Mtu aliyelelewa na bahari huona kubana pumzi ni jambo la asili, kwa hiyo yeye ndiye anayepaswa kujikanya zaidi.

Ya pili, panda polepole. Mwendo unaopendekezwa siku hizi ni kama mita 9 kwa dakika, yaani usipite mapovu yako madogo. Mnapofika mita 5 mnasimama dakika tatu. Chini ya maji gesi ya nitrojeni huingia kwenye damu na nyama za mwili. Ukipanda taratibu hutoka kwa pumzi. Ukikimbia, huchemka mwilini kama soda iliyofunguliwa ghafla, na mapovu hayo ndiyo yaliyokata miguu ya jirani yangu. Haraka haraka haina baraka, na huku chini ni sheria ya mwili.

Mkishuka mara mbili, mbizi ya kina zaidi iwe ya kwanza. Na mtu akitoka majini akalalamika maumivu ya viungo, ganzi, kizunguzungu au uchovu usio wa kawaida, hata kama ni saa kadhaa baadaye, mlazeni chali, apewe oksijeni, apigiwe simu daktari wa mbizi. Msimrudishe majini, na msimwambie ni upepo umempiga.

Mikono kwako

Usishike, usikanyage, usiokote. Tumbawe ni mnyama hai, na lile kubwa la mviringo hukua sentimita moja hivi kwa mwaka. Teke moja la pezi huvunja umri wa mtu. Mwaka 1998 joto la bahari liliua sehemu kubwa ya matumbawe ya Pwani yetu, na joto hilo limerudi zaidi ya mara moja tangu hapo. Yaliyosalia yanabeba changu, tafi na pweza wanaofika mezani kwetu. Boti ifungwe kwenye boya, nanga isitupwe juu ya mwamba.

Jioni yake

Safari haiishi mkifika gati. Usipande ndege kabla ya saa 12 kupita baada ya mbizi moja, au saa 18 ukishuka zaidi ya mara moja. Kwa kuwa hewa ya Nairobi ni nyepesi, mji ukiwa zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, anayerudi kwa treni au basi usiku ule ule naye anajitia hatarini. Wanafunzi na wafanyakazi wanaokuja Pwani wikendi wapange mbizi Jumamosi asubuhi, Jumapili wapumzike, na waondoke alasiri.

Nilipowasomea vijana wetu orodha hii, mmoja alisema ni mambo mengi kwa siku moja ya furaha. Bwana wa mkongojo alikuwa ameketi barazani, akamjibu: "Mimi sikuambiwa hata moja." Palepale wakachagua Jumamosi iliyo karibu na tarehe 22 ya mwezi, maji yakiwa mafu, na wakapeana kazi ya kupiga simu na kuuliza yale maswali. Inshallah watakwenda na watarudi.